Majilio Si Krismasi: Namna ya Kusali Pamoja na Kanisa Hata Padri Asipofika



Mwezi wa Novemba ukikaribia kwisha, huku kwetu Ukambani kazi inakuwa nyingi. Mvua ya vuli imenyesha, mahindi yamefika magotini, ndengu na kunde zinataka palizi. Watoto wamefunga shule. Kikundi kinatafuta siku ya kufunga hesabu ya mwaka. Na wakati huo huo kanisani tunaona kitambaa cha zambarau altareni, na katekista anatangaza kwamba Majilio yameanza. Wengi wetu tunasikia tangazo, tunaenda nyumbani, na tunaendelea kama kawaida mpaka tarehe 25 Desemba. Majilio yanatupita kama matatu isiyosimama steji.

Hatusemi hivi ili kumlaumu mtu. Sisi wenyewe tumeshafanya hivyo. Mwaka mmoja, katika kigango chetu, kwaya ilianza nyimbo za Krismasi Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tuliimba kuzaliwa kwa Mtoto wiki nne kabla hajazaliwa. Siku yenyewe ilipofika sauti zilikuwa zimechoka na viti vingi vilikuwa vitupu. Mwaka huo huo kikundi chetu kiligawana akiba yote tarehe 20 Desemba kwa haraka haraka, bila kufunga hesabu, kwa sababu kila mtu alitaka pesa ya sikukuu. Januari tukaanza kutafutana. Huyu hakumaliza mkopo, yule hakupata haki yake, na watoto wako nyumbani kwa kukosa karo. Tulikaa karibu mwaka mzima bila kukutana, na wengine walikuwa hawasalimiani hata njiani.

Je, mambo hayo mawili yanahusiana? Sisi tunaona yanahusiana sana. Tulikula sikukuu kabla haijaiva, kanisani na katika kikundi pia. Majilio ni shule ya kungoja vizuri, na shule hiyo Kanisa limetupa bure. Katika makala haya tutaeleza Majilio ni nini, namna ya kusali kwa liturujia ya Kanisa hata pale ambapo padri anafika mara moja kwa mwezi, na namna sala hiyo inavyoweza kusaidia kikundi.

MAJILIO NI NINI?

Neno Majilio linatoka katika kuja. Ni majilio ya Bwana, yaani kule kutujia kwake. Ndipo mwaka wa Kanisa unapoanza. Sisi sote tunabadilisha kalenda Januari, lakini Kanisa linaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Majilio yana Jumapili nne. Jumapili ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Ndiyo sababu Majilio hayana urefu ule ule kila mwaka. Yanaweza kuwa siku 22, na yanaweza kufika siku 28. Mwaka 2026 yanaanza tarehe 29 Novemba, mwaka 2027 tarehe 28 Novemba, na mwaka 2028 tarehe 3 Desemba.

Watu wengi wanafikiri Majilio ni kungoja Krismasi tu. Kumbe Kanisa linangoja mambo mawili. Tangu siku ya kwanza mpaka tarehe 16 Desemba, masomo na sala zinatuelekeza zaidi kwenye ile siku ambapo Kristo atarudi kwa utukufu. Kuanzia tarehe 17 mpaka 24 Desemba ndipo tunajitayarisha moja kwa moja kwa ukumbusho wa kuzaliwa kwake Bethlehemu. Basi Majilio yanatazama nyuma na yanatazama mbele. Yule aliyekuja akiwa maskini horini ndiye atakayekuja kutuuliza tulivyoishi.

KWA NINI ZAMBARAU?

Zambarau ni rangi ya toba na ya matayarisho. Jumapili ya tatu padri anaweza kuvaa rangi ya waridi, kwa sababu Jumapili hiyo Kanisa linatuambia tufurahi: safari imepita nusu. Maua na vyombo vya muziki vinatumika kwa kiasi, ili furaha ya Krismasi isiliwe mapema.

Jumapili za Majilio hatuimbi Utukufu. Sababu yake ni rahisi. Wimbo huo unaanza na maneno ya malaika usiku wa kuzaliwa Yesu, na Kanisa linauweka akiba ili usiku wa Krismasi usikike kama mpya. (Tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tunauimba.) Lakini Aleluya haiondolewi, tofauti na wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo Majilio si Kwaresima ya pili. Ni toba yenye matumaini, kama mama anayefagia nyumba akijua mgeni yuko njiani.

Ndugu zetu wa kwaya, mnatuelewa? Zipo nyimbo za Majilio nyingi na nzuri. Zile za Krismasi mzifanyie mazoezi katikati ya wiki, mziimbe kuanzia mkesha wa tarehe 24.

JUMAPILI NNE, HATUA NNE

Masomo ya Jumapili yamepangwa kwa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka A tunasoma hasa Injili ya Mathayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka. Majilio ya 2026 yanaanza mwaka B, ya 2027 mwaka C, na ya 2028 mwaka A. Masomo yanabadilika, lakini hatua ni zile zile kila mwaka.

Jumapili ya kwanza: Kesheni. Bwana atakuja saa tusiyoijua. Mwaka A tunasikia habari za siku za Nuhu na za mwizi wa usiku. Mwaka B tunasikia juu ya bawabu aliyeambiwa akeshe mlangoni. Mwaka C Yesu anatuonya moyo usije ukalemewa na ulevi na masumbufu ya maisha. Anayejua Desemba inavyokuwa sokoni hahitaji maelezo zaidi.

Jumapili ya pili: Tengenezeni njia. Hapa anatokea Yohane Mbatizaji jangwani, na maneno ya nabii Isaya juu ya barabara ya Bwana. Mabonde yajazwe, vilima vishushwe. Vikundi vyetu vya mwethya, yaani kazi ya pamoja, vinaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Tumejaza makorongo kwa mawe na karai. Tunajua kwamba barabara haitengenezwi kwa maneno, na mtu mmoja haimalizi peke yake.

Jumapili ya tatu: Furahini. Mwaka A Yohane yuko gerezani, anatuma watu kumwuliza Yesu kama ndiye yule anayengojewa. Hata mtakatifu anaweza kuwa na swali, na Yesu hamkemei. Somo la pili la siku hiyo ni Yakobo 5:7-10, ambapo mtume anatuonyesha mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho kwa uvumilivu. Tutarudi kwa mkulima huyo.

Jumapili ya nne: Mungu anabisha hodi nyumbani kwa watu wa kawaida. Mwaka A ni Yosefu na ndoto yake, mwaka B ni malaika Gabrieli na Maria, mwaka C ni Maria akipanda milimani kumtembelea Elizabeti.

PADRI ASIPOFIKA TUFANYEJE?

Hili ndilo swali ambalo vigango vingi vinatuuliza. Parokia ni kubwa, vigango ni vingi, barabara ikinyesha haipitiki. Katika Jumapili nne za Majilio, huenda padri akafika moja tu. Je, hizo tatu tumezikosa?

Hapana. Tarehe 4 Desemba 1963, ikiwa ndani ya Majilio, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Hati hiyo inahimiza ibada za Neno la Mungu katika baadhi ya siku za wiki za Majilio na za Kwaresima, na katika Jumapili na sikukuu, hasa mahali ambapo hakuna padri. Hapo anaongoza shemasi au mtu mwingine aliyeruhusiwa na askofu. Mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo maalum wa ibada za Jumapili bila padri. Kwa hiyo tunapokusanyika na katekista chini ya paa la mabati au chini ya mgunga, tunafanya jambo ambalo Kanisa lenyewe limetuagiza.

Utaratibu wake ni huu:

1. Wimbo wa Majilio, ishara ya msalaba, na majuto mafupi.

2. Masomo ya Jumapili ile ile, si yale tunayopenda sisi. Yanayosomwa siku hiyo kwenye kanisa kuu la jimbo ndiyo yanasomwa kigangoni. Msomaji apewe masomo tangu Jumatano, ayasome nyumbani kwa sauti mara tatu.

3. Zaburi baada ya somo la kwanza. Tusiipite mbio. Zaburi ni sala, na watu wote waitikie.

4. Aleluya na Injili, kisha mafafanuzi ya kiongozi. Baada yake kimya cha dakika mbili tatu. Watoto wakilia si neno.

5. Nasadiki na sala ya waamini. Hapa kikundi kinaweza kuandika maombi yake chenyewe.

6. Baba Yetu. Kama yuko mhudumu aliyeruhusiwa, na Ekaristi imehifadhiwa, anaweza kutoa Komunyo kwa utaratibu wa parokia.

7. Matangazo, kuomba baraka ya Mungu, na wimbo.

Tukumbuke: hii si Misa. Kiongozi hasomi Sala ya Ekaristi na habariki watu kwa namna ya padri. Tunaendelea kuitamani Misa, na kutamani huko nako ni sehemu ya Majilio. Jumapili ile padri atakayofika, tumwombe mapema akae kusikiliza maungamo, na watu waje wamejitayarisha, wasisukumane dakika za mwisho.

Mfano wa maombi ya Jumapili ya pili ya Majilio, ambayo mnaweza kuyabadilisha:

Kwa ajili ya wote wanaochimba na kubeba mawe ili wenzao wapate njia na maji: uwape nguvu, Bwana, na uwalinde wasiumie.

Kwa ajili ya wale ambao tumewafungia mlango kwa sababu ya deni au maneno: utupe moyo wa kuanza sisi kuwatembelea.

Kwa ajili ya mashamba yetu: mvua iliyobaki inyeshe kwa kiasi, na tutakachovuna tukigawe na asiyevuna.

NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki walio katika AMECEA walikutana Nairobi na kuamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya ndiyo mahali pazuri pa kusali Majilio. Mkikutana katikati ya wiki, someni Injili ya Jumapili inayokuja. Mtu akifika kanisani akiwa ameshaisikia, hata asiyejua kusoma anakuwa na la kusema.

Jioni, familia inaweza kusali sehemu ya Masifu ya Jioni: zaburi moja, somo fupi, halafu Wimbo wa Bikira Maria ulio katika Luka 1:46-55. Kanisa zima linauimba wimbo huo kila jioni. Ndani yake Maria anamsifu Mungu anayewainua wanyonge na kuwashibisha wenye njaa. Yeye alikuwa msichana wa kijijini kama mabinti zetu. Akina mama wa vikundi, huu ni wimbo wenu.

Na kama siku imekuwa ngumu na nguvu zimekwisha, Malaika wa Bwana inatosha. Inasaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, nayo inatukumbusha habari ile ile ya Majilio: malaika alileta ujumbe na Maria akakubali. Unaweza kuisali ukiwa umesimama na jembe mkononi.

MAJINA SABA KUANZIA TAREHE 17

Katika siku saba za mwisho, tarehe 17 mpaka 23 Desemba, Kanisa lina hazina ya zamani sana. Kila jioni, kabla na baada ya Wimbo wa Bikira Maria, linamwita Kristo kwa jina moja kutoka Agano la Kale na kumwomba aje. Mnaweza kuchukua jina moja kila jioni na kulisali kwa maneno yenu:

Tarehe 17, Hekima. Tuombee viongozi na wazazi.

Tarehe 18, Adonai, Bwana aliyemtokea Musa katika kichaka cha moto. Tuombee walio utumwani.

Tarehe 19, Shina la Yese. Isaya 11 inasema juu ya kisiki kinachotoa chipukizi. Mnajua mkaratusi ukikatwa unavyochipua tena. Tuombee familia zilizokatwa tamaa.

Tarehe 20, Ufunguo wa Daudi. Tuombee wafungwa, na waliofungwa na pombe.

Tarehe 21, Mapambazuko. Tuombee wagonjwa, ambao kwao usiku ni mrefu.

Tarehe 22, Mfalme wa Mataifa, jiwe la pembeni linalounganisha kuta mbili. Tuombee koo na makabila yanayozozana.

Tarehe 23, Emanueli, Mungu pamoja nasi.

Katika makanisa mengi mnaona pia taji la majani mabichi lenye mishumaa minne, ambayo inawashwa mmoja zaidi kila Jumapili. Desturi hii inatoka Ujerumani. Mwaka 1839 mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern alitengeneza taji kubwa la mishumaa huko Hamburg kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, wapate kuhesabu siku za kungoja. Si lazima kununua kitu. Sinia yenye mchanga, majani ya shambani na mishumaa minne inatosha. Msiiweke karibu na pazia wala nyasi za paa.

SALA NA HESABU YA KIKUNDI

Sasa turudi kwa yale ya akiba yetu. Injili ya Jumapili ya tatu mwaka C, Luka 3:10-18, inasimulia watu walivyomwuliza Yohane Mbatizaji: tufanye nini? Yeye hakuwapa maneno ya juu juu. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasichukue zaidi ya walichopangiwa. Askari wasimnyang'anye mtu, waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alijibiwa kulingana na kazi yake.

Kama Yohane angeketi katika mkutano wetu wa Desemba, angemwambia nini mweka hazina? Angemwambia nini aliyechukua mkopo Agosti na anajificha? Na sisi tunaotaka kugawana mpaka shilingi ya mwisho, wakati mjane wa kikundi hajapata fundi wa kuziba paa lake?

Baada ya ule mwaka mbaya, tulikubaliana jambo moja. Hesabu inasomwa mbele ya wote kabla ya tarehe 16 Desemba, katika mkutano unaoanza na Injili ya Majilio. Mwenye deni anasema mbele ya wenzake atalipa lini. Fungu la karo ya Januari halitolewi kabla ya Januari. Kuanzia tarehe 17 hatuzungumzi pesa tena. Siku hizo tunatembelea wagonjwa na wazee, kama Maria alivyokwenda kwa Elizabeti. Hatujawa watakatifu. Mwaka uliofuata bado wawili walichelewa kulipa. Lakini Januari tulikutana wote, na tulisalimiana.

Yule mkulima wa Mtume Yakobo hakai kitako akiitazama mbingu. Amepanda, anapalilia, anafukuza ndege. Lakini pia hang'oi mahindi machanga kwa sababu ana njaa leo. Hivyo ndivyo kungoja kwa Majilio kulivyo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu anakuja. Tumfagilie nyumba, tumalize maneno kati yetu, tusile karamu kabla hajafika.

Tunawatakia Majilio mema.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka uliopita tulitumiaje wiki nne kabla ya Krismasi? Nini kilitusaidia, nini kilituharibia?

2. Someni Luka 3:10-14. Yohane angekiambia nini kikundi chetu, kwa jina la kazi ya kila mmoja?

3. Ni barabara gani kati ya nyumba na nyumba katika kijiji chetu inayohitaji kutengenezwa? Nani ataanza, na siku gani?

4. Padri atafika kigangoni kwetu Jumapili ipi ya Majilio? Nani atasoma masomo katika zile nyingine tatu?